Vifungo Vikipunguzwa, Je, Wezi Watazidi?

Hotuba hii ilitolewa na katibu mwenezi mbele ya mkutano wa matawi, siku ilipojadiliwa hoja ya kutaka vifungo viongezwe. Tunaichapa kama ilivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana wenzetu,

Tumeitwa kusema neno juu ya azimio lililoletwa na tawi hili. Azimio lataka chama kiiombe Serikali iongeze vifungo vya wezi na wavunja nyumba, na kipinge mpango wowote wa kumwacha mkosaji nje ya jela atumikie jamii badala ya kufungwa. Tumelisoma azimio. Tumezisoma na sababu zake, nazo si za kubezwa. Humo mna habari ya mama muuza vitenge aliyevunjiwa kibanda mara mbili katika mwaka mmoja. Mna habari ya mzee aliyeibiwa maksai wake wawili wakati mvua zimeanza, akabaki anatazama wenzake wakilima. Mtu wa namna hiyo ukimwambia habari za haki za wafungwa, atakuuliza: na haki yangu mimi iko wapi? Atakuwa ameuliza swali zuri.

Basi hatukuja kuwaombea wezi. Tumekuja na swali la mtu bahili. Kumweka mtu jela ni gharama: chakula, askari, kuta, na kijana mwenye nguvu aliyeondolewa shambani. Gharama hiyo inalipwa na ninyi. Je, kila mwaka mnaoulipia unawanunulia usalama kiasi gani? Na nchi zilizoamua kununua miaka michache zaidi, ziliibiwa zaidi?

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Wapo wasemao kwamba kufunga watu miaka mingi ndiyo desturi yetu, na kwamba kupunguza vifungo ni mambo ya Wazungu. La hasha! Katika sehemu nyingi za nchi hii mwizi wa ng'ombe alitozwa ng'ombe, na ukoo wake ukaaibika na kulipa pamoja naye. Jela yenye lango la chuma ililetwa na Wadachi, wakaja Waingereza wakaiendeleza, na mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa aliweza kupelekwa kifungoni kufanya kazi kama aliyeiba. Wakubwa wa harakati za uhuru wa Afrika waliijua jela kwa ndani. Kwame Nkrumah alishinda uchaguzi wa mwaka 1951 akiwa mfungwa mjini Accra. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953, kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Lakini tusijidanganye kwa mifano hiyo. Wale hawakuvunja kibanda cha mtu. Twaitaja ili tukumbuke tu kwamba jela ni chombo, chaweza kushikwa na mkono wowote, nasi tunayo haki ya kukipima kama tunavyolipima trekta la ushirika: linalima au halilimi?

Tanganyika huru haikuanza kwa ulegevu. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya kiwango cha chini cha adhabu. Mla rushwa, mtumishi aliyeiba mali ya umma, mvunja nyumba, mwizi wa ng'ombe: hakimu akishamwona mtu kuwa ana hatia, ilimpasa kumpa kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24, yaani 12 siku ya kuingia jela na 12 siku ya kutoka. Hiari ya hakimu ilibaki ndogo sana, kama vile mali isipozidi shilingi 100 na mtu ni mkosaji wa mara ya kwanza, tena pana sababu maalumu. Mwaka 1972 sheria hiyo ikafutwa, ikaja nyingine iliyoacha viboko lakini ikaongeza miaka. Mwaka 1989 viboko vikarudishwa, na unyang'anyi wa kutumia silaha ukawekewa kifungo kisichopungua miaka 30.

Hesabuni wenyewe. Kama dawa ni kuongeza miaka, sisi tumeinywa dawa hiyo kwa zaidi ya miaka 60, kila mara tukizidisha kijiko, na leo tumekaa hapa tunazungumza habari za wezi. Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba sheria kali ndiyo iliyowazaa. Watu wameongezeka, miji imekua, pikipiki imefika hata kijiji cha mwisho, na mambo haya yote yamekwenda pamoja. Mtu mwaminifu hawezi kuyatenganisha na kusema hili lilisababishwa na lile. Ndiyo maana twahitaji nchi iliyofanya kinyume chetu, iliyopunguza vifungo kwa makusudi, tena yenye jirani za kulinganishwa nazo ambao hawakugusa kitu.

Nchi hiyo ipo. Ni Ufini, kaskazini kabisa ya Ulaya, nchi ya misitu na theluji, watu wake wanazidi kidogo milioni 5. Msiseme tumewaletea habari za matajiri. Ufini ilitawaliwa na Warusi tangu mwaka 1809 hadi 1917. Mara ilipopata uhuru ikaingia vita ya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1918, kisha ikapigana na Urusi mara mbili kati ya mwaka 1939 na 1944. Ilitoka vitani maskini, na jela zake zimejaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na wafungwa karibu 200 katika kila watu 100,000. Jirani zake, Uswidi, Norwe na Denmark, hata nusu ya hiyo hawakuifikia.

Je, Wafini walikuwa wezi kuliko jirani zao? Hapana. Walikuwa na sheria kali ya mwaka 1889, ya zamani za utawala wa Warusi, na mahakimu waliozoea kumpa mwizi wa kawaida kifungo kirefu. Katika miaka ya 1960 wataalamu wao wakaanza kuona haya. Mmoja wao alikuwa Inkeri Anttila, mwanamke bingwa wa elimu ya makosa na adhabu, ambaye mwaka 1975 alikuwa Waziri wa Sheria. Waliuliza swali lile lile la mtu bahili, wakaona kwamba nchi inalipia jela mara kadhaa zaidi ya jirani na hailali usingizi mzuri zaidi.

Hawakufungua malango siku moja. Hili tunaomba mlishike, kwa maana tutalirudia. Walibadili sheria moja baada ya nyingine kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1950 wastani wa kifungo cha wizi ulikuwa miezi 12. Mwaka 1971 ulikuwa miezi 7. Mwaka 1991 ulipungua chini ya miezi 3. Waendeshaji magari walevi, ambao zamani walikuwa wakijaza jela kama magunia ghalani, mwaka 1971 watu 70 katika kila 100 waliohukumiwa walikwenda jela. Mwaka 1981 walikwenda 12 tu, na waliobaki wakapata kifungo cha nje pamoja na faini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ufini ilikuwa na wafungwa karibu 60 katika kila watu 100,000, sawa na jirani zake. Na katika muda huo wote hakuna chama kikubwa kilichoifanya jela kuwa ngoma ya uchaguzi. (Sisi wa vyama tulipige moyo konde tukubali kwamba ngoma hiyo ni tamu kuicheza, hasa wiki mbili kabla ya kura.)

Sasa tuje penye kiini. Wizi uliongezeka Ufini? Naam, uliongezeka tangu miaka ya 1960 hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Mpinzani wetu atasema: "Si mnaona!" Ngoja kwanza. Uliongezeka na Uswidi. Uliongezeka na Norwe. Uliongezeka na Denmark. Magari yalizidi, maduka makubwa yakazidi, vijana wakahamia mijini, na mali ikizidi njiani mkono nao huzidi kunyooka. Nchi nne zilipanda pamoja, na katika miaka ya 1990 zikatulia pamoja, karibu mstari mmoja. Lakini katika hizo nne ni moja tu iliyopunguza wafungwa wake mpaka theluthi. Mkulima ataelewa upesi. Ukiwa na mashamba manne yenye mvua moja, ukaondoa mbolea fulani katika shamba moja tu, na mavuno ya yote manne yakaendelea kufanana, basi mbolea ile ilikuwa haileti mavuno. Ufini iliondoa theluthi mbili za jela yake, na hesabu za makosa ziliendelea kufanana na za jirani.

Tuseme na yale yasiyotufaa. Ufini imekuwa na mauaji mengi kuliko jirani zake, mengi yao ya walevi wanaojuana, kabla ya kupunguza vifungo na baada yake. Kupunguza vifungo hakukuyaleta. Wala hakukuyaondoa.

Tena hotuba yetu itakuwa ya uongo tukiishia Ufini. Twendeni Italia. Mwezi wa Julai 2006 Bunge la Italia lilipitisha msamaha mkubwa, kwa kuwa jela zilikuwa zimefurika. Katika muda mfupi watu wapatao 22,000 walitoka, zaidi ya theluthi moja ya wafungwa wote wa nchi. Wizi ukaongezeka, unyang'anyi wa mabenki ukaongezeka. Wachunguzi walioziangalia hesabu hizo hawakuona njia ya kukwepa: kutoa watu wengi kwa mkupuo mmoja kulileta makosa. Lakini waliona na jambo jingine katika msamaha ule ule. Sharti lilikuwa kwamba mtu akirudia kosa kubwa ndani ya miaka 5 atakitumikia na kile kipande cha kifungo alichosamehewa, juu ya kifungo kipya. Basi yule aliyebakiwa na kipande kirefu kikimning'inia kichwani alirudia makosa kwa uchache kuliko yule aliyebakiwa na kifupi. Deni ambalo mtu analijua, lenye jina lake na hesabu yake, lilimzuia akiwa nje.

Au twende California, katika Marekani, nchi iliyofunga watu kuliko zote. Mwaka 2008 Marekani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 kifungoni. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema jela za California zimejaa mpaka ni ukatili, ikaamuru wafungwa wapunguzwe. Mwaka wa kwanza jela za jimbo zilipungua watu zaidi ya 25,000. Makosa ya kumwaga damu hayakuongezeka kwa ajili ya hatua hiyo. Wizi wa magari uliongezeka. Mwaka 2014 wananchi wa huko wakapiga kura kwamba wizi usiozidi dola 950 uhesabiwe kosa dogo. Tena makosa ya kumwaga damu hayakuongezeka kwa sababu hiyo, lakini wizi mdogo uliongezeka kiasi, hasa kuvunja magari na kuchukua vilivyomo. Mwaka 2024 wananchi hao hao wakapiga kura kurudisha ukali kwa wanaorudia rudia. Hatuwacheki. Walipoibiwa walikasirika, kama sisi. New York nayo, iliyolegeza sheria zake za dawa za kulevya mwaka 2004 na 2009, ilipunguza wafungwa wa jimbo kutoka zaidi ya 70,000 mwaka 1999 hadi chini ya nusu yake mwaka 2021. Na mauaji katika jiji lile, yaliyokuwa zaidi ya 600 mwaka 1999, mwaka 2017 hayakufika 300.

Tumezunguka mbali, turudi nyumbani na mzigo wetu. Vifungo vikipunguzwa polepole, kwa sheria, na adhabu nyingine ikiwekwa mahali pake, wezi hawazidi kwa sababu hiyo. Malango yakifunguliwa ghafula na mtu akatoka bila sharti wala mtu wa kumtazama, wizi waweza kuzidi. Hayo ni mambo mawili, nasi katika mabishano yetu ya barazani huwa tunayachanganya. Tarehe 9 Desemba 2019, siku ya Uhuru, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Huo ni msamaha, ni haki ya Rais na una heshima yake. Lakini hausemi lolote kuhusu yule atakayehukumiwa kesho asubuhi. Hakimu yule yule, akiwa na sheria ile ile, atavijaza tena vitanda vile vile.

Kwa nini kifungo kirefu hakileti usalama kwa kadiri ya urefu wake? Fikirini kazi za jela. Ya kwanza ni kumzuia mtu kwa mwili: aliye ndani hawezi kuvunja kibanda chako. Hiyo ni kweli kabisa, wala asiwepo mtu wa kuwacheka wanaoisema. Lakini wizi na uvunjaji ni kazi ya ujana. Kijana wa miaka 20 aliyefungwa miaka 3 umemzuia katika miaka yake ya hatari. Ukimfunga 15, miaka ya mwisho unamlisha mtu mzima ambaye angekuwa ameshachoka na mambo hayo hata kama angekuwa huru. Kadhalika, ukianza kufunga huwafunga kwanza walio hatari. Kadiri unavyoongeza vitanda ndivyo unavyofika kwa mwizi wa kuku. Kitanda cha 30,000 hakikulindi kama kitanda cha 3,000.

Kazi ya pili ni kutisha. Hapa sisi tuliopitia chuo cha ualimu tunayo ya kusema. Kila mmoja wetu amewahi kumwona mwalimu mwenye fimbo nene ambaye darasa lake ni soko, na mwalimu mwingine asiye na fimbo ambaye darasa lake lasikika kalamu. Wa pili ana siri gani? Anasahihisha madaftari kila siku. Mtoto anajua kwamba asipofanya hesabu zake leo, leo hii itajulikana. Wa kwanza hupiga sana lakini hupiga mara moja kwa mwezi, tena mara nyingi humpiga asiyehusika. Baraza la wataalamu wa Marekani lililotoa taarifa yake mwaka 2014 juu ya jela za nchi ile lilifikia hapo hapo kwa njia ndefu zaidi: vifungo virefu ni njia mbovu ya kuzuia makosa, na kinachomzuia mkosaji zaidi ni uhakika wa kukamatwa. Kijana anayeruka ukuta saa nane za usiku hakusoma Kanuni ya Adhabu. Hajui kama sheria inasema miaka 3 au 7. Anajua taa ya nani imezimwa na mbwa wa nani amefungwa.

Na hili wazee wa Usukuma na Unyamwezi hawahitaji kufundishwa na Mmarekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipokithiri upande wa Kahama na kwingineko, wananchi waliunda Sungusungu. Hawakuongeza hata mwezi mmoja katika kitabu cha sheria. Waliongeza yowe. Ng'ombe akiibiwa, kijiji kilipiga mwano, cha pili kikapokea, cha tatu kikapokea, wanaume wote mbio na pinde zao wakifuata nyayo mpaka asubuhi, na asiyetoka kukimbia akatozwa faini. Mwizi ambaye jana alikuwa na siku 3 za kufika mnadani, leo hakuwa na saa 3. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana mahali pale. Hatuyafichi maovu yaliyofanyika: watu walipigwa, na bibi vizee waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, jambo la aibu. Pamoja na hayo, kilichomshinda mwizi kilikuwa uhakika wa kufuatwa, nao haukuwa na uhusiano wowote na urefu wa kifungo.

Wananchi wenye hasira kali, kama magazeti yanavyowaita, hawachomi mtu moto kwa sababu sheria inasema miaka michache. Wanachoma kwa sababu hawaamini kwamba mtu yule atafikishwa popote. Ukiongeza kifungo kutoka miaka 5 hadi 10, shaka yao haikuguswa hata kidogo.

Kazi ya tatu ya jela, kumtengeneza mtu, tutaipita upesi. Wapo wafungwa waliojifunza useremala humo. Wapo wengi zaidi waliojifunza mengine.

Sasa habari ya faini, maana hapa ndipo maskini anapoumia na chama chetu hakina budi kusimama. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alihukumiwa kwa maneno yaliyochapwa katika gazeti la chama chake, akaambiwa alipe shilingi 3,000 au aende jela miezi 6. Faini ililipwa, akabaki nje akiendelea na kazi. Je, mchuuzi wa karanga anayeambiwa "faini au jela" hana lipi? Hana kitu, basi anakwenda jela, na mwenye duka aliyefanya kosa lile lile anapanda gari lake anarudi nyumbani. Hiyo si adhabu ya kosa, ni adhabu ya mfuko. Ufini tangu mwaka 1921 inahesabu faini kwa siku: hakimu anaamua kosa ni la siku ngapi, kisha kila siku inapimwa kwa kipato cha mkosaji. Tajiri analipa kitajiri, maskini analipa kimaskini, na wote wawili wanaumia sawa. Tunashangaa kwamba nchi iliyojitangazia usawa kwa sauti kubwa kama yetu haijaiga jambo jepesi namna hii.

Nayo adhabu ya kutumikia jamii, ambayo azimio linaiita "kumwacha mwizi atembee," tusiikatae kabla ya kuijua. Sheria yake ipo kwetu tangu mwaka 2002, kwa makosa yasiyozidi kifungo cha miaka 3. Wafini walipoianza kwa majaribio mwaka 1991 walikuwa na hadhari moja ya busara sana. Hakimu kwanza huamua kama kosa hili ni la jela au si la jela. Akiisha kusema ni la jela, na kifungo hakizidi miezi 8, ndipo aliweza kukigeuza kuwa saa za kazi bila malipo, wakati huo kati ya saa 20 na 200. Asipofanya kazi hiyo, kifungo kinamngoja pale pale. Kwa nini hadhari hiyo? Kwa sababu bila ya hivyo hakimu atamtia kazini yule ambaye angepewa onyo tu, na jela itabaki imejaa kama zamani. Hapo utakuwa umeongeza adhabu na hukupunguza wafungwa.

Tunajua pingamizi: nani atamsimamia? Mtaani kwetu mtu aliyepewa kazi ya kufagia hospitali ataonekana siku mbili, ya tatu hayupo. Pingamizi hilo ni zito kuliko yote yaliyosemwa tangu asubuhi, na hatutalijibu kwa maneno matamu. Adhabu ya nje isiyosimamiwa ni mzaha, na wananchi wakiuona mzaha huo mara mbili watarudia matairi na petroli. Kila mtu anayebakizwa nje lazima awe na ofisa wa uangalizi anayemjua kwa sura, na daftari la saa zake lionekane. Fedha zake zitoke wapi? Zitoke pale pale alipokuwa analishwa, kulindwa na kulazwa.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, hatuombi azimio litupwe. Twaomba ligeuzwe. Pale lisemapo vifungo viongezwe kwa wizi wa kawaida na kuvunja nyumba, liseme hakimu arudishiwe hiari ya kupima mtu na kosa lake, na unyang'anyi wa silaha ubaki nje ya mjadala huu. Pale lisemapo kutumikia jamii kupingwe, liseme kusipanuliwe wilaya yoyote kabla maofisa wa uangalizi hawajafika na daftari halijafunguliwa, na mkosaji wa mali amlipe aliyeibiwa kwanza, kabla ya Serikali kuchukua hata senti ya faini. Muuza vitenge hakupata kitu chochote mwizi wake alipofungwa. Hata kufuli jipya alinunua mwenyewe. Tena liongezwe fungu jipya kabisa: zamu za ulinzi zifufuliwe mtaa kwa mtaa, chini ya sheria na bila kumpiga mtu, na kituo cha polisi kiwe na gari lenye mafuta usiku. Na mahabusu wanaongoja kesi miezi na miezi bila hukumu tuwaletee hoja yao peke yao mkutano ujao, kwani hao hata kifungo hawana cha kupunguziwa.

Kama baada ya miaka 2 wizi umezidi katika wilaya hii kuliko wilaya za jirani, tuiteni tena hapa mtuulize. Tunasema "kuliko za jirani," mtusamehe, ule ualimu hautoki.

Ndugu Mwenyekiti, marekebisho yameandikwa katika karatasi aliyo nayo katibu wa tawi. Tuko tayari kwa maswali.